Filamu yangu imelala: muziki unaweza kuiamsha?

Swali: Yaya, jambo. Niko Lubumbashi, Katuba. Nimemaliza filamu ya dakika 26: mama anamngojea kijana wake aliyeenda kuchimba Kolwezi, na kijana mwenyewe haonekani hata mara moja. Niliwaonyesha rafiki zangu, wakasema picha ni safi lakini filamu imelala. Nimekutumia kipande kimoja ninachokipenda: mama anasonga bukari, anaandaa sahani mbili, anakula peke yake. Ni dakika moja na sekunde 50, na ndipo watu wanapoanza kushika simu zao. Mwisho wa filamu simu inalia, mama anakimbilia, si yeye. Rafiki mmoja ameniambia nichukue muziki mkubwa wa okestra kwenye intaneti niuweke mwanzo hadi mwisho, eti ndivyo filamu za kawaida zinavyonyanyuliwa. Ni kweli? Nimebakiza dola 150.

Jibu: Mdogo wangu, jambo sana. Ni kweli kwamba muziki mzuri huinyanyua filamu ya kawaida. Ila huo ushauri wa kuumwaga mwanzo hadi mwisho utaizika yako, na kipande ulichonitumia kinaonyesha haistahili kuzikwa. Nianze na sababu, maana ukishaielewa utajua mwenyewe muziki uingie wapi.

Mtu akitazama picha ndefu isiyo na maneno, baada ya muda anajiuliza: nangoja nini hapa? Asipopata jibu, mkono unaenda kwenye simu. Muziki unampa jibu kabla hajauliza. Sauti ikianza kupanda, sikio linangoja ishuke. Wimbo ukiishia njiani, sikio linangoja umaliziwe. Akiwa katika kungoja huko, sekunde 40 hazimchoshi. Picha haikuguswa, ila sasa ana kitu cha kushikilia.

Yalimkuta John Carpenter mwaka 1978. Filamu yake Halloween, ya fedha kidogo, ilikuwa imeshafanyiwa montaji, yaani picha zimeshakatwa na kuunganishwa, lakini bado haina muziki, akamwonyesha mkubwa mmoja wa kampuni ya filamu. Mkubwa yule hakuogopa hata kidogo. Carpenter akaketi mwenyewe kwenye piano na sinthesaiza, akachukua mdundo wa mapigo matano ambao baba yake alimfundisha utotoni kwenye ngoma za bongo. Matano, si manne. Mwili umezoea kutua kila baada ya mapigo manne. Pale haupati pa kutua, na barabara tupu ya mchana yenye miti inaanza kutisha.

Lakini mfano unaokuhusu zaidi ni Star Trek: The Motion Picture ya mwaka 1979, kwa sababu nayo ililaumiwa kwa uzito na urefu. Kuna sehemu ambapo chombo cha anga kinazungukwa polepole kwa dakika kadhaa na maneno ni machache sana. Zima sauti utazame: ni watu wawili wanaangalia mtambo. Rudisha sauti: ni mtu amekutana tena na kitu alichokipenda. Kazi hiyo ni ya Jerry Goldsmith, na alichoandika kwanza kilikataliwa na mwongozaji, Robert Wise, kwa kuwa hakikuwa na wimbo wa kushika. Okestra ilikuwepo, ukubwa ulikuwepo, wimbo ndio uliokosekana. Huo ndio ubovu wa muziki mkubwa unaookotwa kwenye intaneti: mwingi wake ni ukubwa bila wimbo, umetengenezwa ufae kila filamu, kwa hiyo yako hauijui.

Mipaka yake nayo uijue. Muziki unaweza kupunguza uzito wa muda, unaweza kuziunganisha picha zilizopigwa siku tofauti zikaonekana za siku moja, unaweza kuupa uso uliotulia maana ambayo haukuwa nayo. Neno lisilosikika hauwezi kulirudisha. Jambo ambalo hadithi haikulieleza, muziki hautalieleza. Na mwigizaji anayelia kwa kujilazimisha, ukimwekea vinanda vya kulia, uongo wake unasikika mara mbili. Kama una onyesho la namna hiyo, lifupishe, au lipite bila muziki.

Sasa kijana asiyeonekana. Hapo ndipo penye mali yako, ingawa rafiki zako huenda wanapaona kama pengo. Katika Jaws ya mwaka 1975, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara, ikabidi Steven Spielberg apige sehemu kubwa ya filamu bila kumwonyesha. John Williams akampa noti mbili zinazopakana, mi na fa, zikirudiwa huko chini kabisa. Tangu hapo noti zikisikika, papa yupo. Na angalia uaminifu wake: pale watoto wanapowatisha watu kwa pezi la bandia, noti hazipigwi. Mtazamaji anajifunza, hata bila kujua kwamba amejifunza, kuwa noti zile hazisemi uongo.

Mfanyie kijana wako hivyo hivyo. Tunga wimbo wake wa noti tano au sita, zisizidi. Kipimo chake ni hiki: mtu aliyeusikia mara mbili aweze kuuvumia akiosha vyombo. Tuseme sol, la, do, mi, re. Mtu yeyote wa kwaya atakusomea papo hapo. Sikiliza unavyoishia. Re haijatulia, inataka kushuka do. Usiishushe. Filamu nzima wimbo uishie re, kama mlango uliorudishiwa bila kufungwa. Tena usiupige kwa jambo lolote lisilomhusu yeye: si kwa picha za mji, si kwa jirani anayekuja kukopa chumvi, si kwa kuziba kimya. Ukiupiga bure mara moja tu, umeuvunja.

Kabla ya noti ya kwanza, funga montaji. Baada ya hapo isiongezwe wala kupunguzwa hata fremu moja. Watu wengi huanza na muziki huku bado wanakata picha, na kila mkato mpya unalazimisha kuanza upya. Toa nakala ndogo ya filamu yenye saa inayoonekana kwenye picha, keti na daftari, uandike kwa kila kipande cha muziki: kinaanza wapi, kinaishia wapi, kipo kwa nini. Pale "kwa nini" inapokosa jibu, futa mstari mzima. Kwa dakika 26 za filamu kama yako, muziki wa dakika 6 hadi 8 kwa jumla unatosha, vipande sita hivi, na kimoja kinaweza kuwa cha sekunde 12. Sikio lililokaa dakika tatu bila muziki huushika mara tu unapoingia. Lililojazwa tangu mwanzo huacha kuusikia.

Usiweke muziki wa watu wengine wa "kushikilia nafasi" wakati wa montaji, hata kwa wiki moja. Stanley Kubrick alifanya hivyo kwa 2001: A Space Odyssey, Alex North alipoleta muziki aliouandika kwa ajili ya filamu, Kubrick alikuwa ameshazoea ule wa muda, akaubakiza na kuuacha wa North nje. Yeye aliweza kuzilipia zile rekodi. Wewe utabaki na sikio lililozoea kitu usichoweza kukipata.

Twende kwenye sahani mbili. Sekunde 45 za kwanza mama anasonga. Hapo usiweke kitu. Mwiko unagonga sufuria karibu mara moja kila sekunde, na huo tayari ni mdundo, ila ulirekodiwa mbali mno, unasikika kama uko kwa jirani. Rudi jikoni na sufuria ile ile, rekodi mwiko upya, maikrofoni ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo, uupandishe mahali pake. Nusu ya usingizi wa onyesho hili itaondoka kwa kazi hiyo peke yake.

Baada ya hapo anapakua, anaweka sahani ya kwanza, anaweka ya pili. Wengi wangeingiza muziki pale sahani ya pili inapogusa meza. Usifanye hivyo. Utakuwa umemnyooshea mtazamaji kidole, na umemnyang'anya nafasi ya kuhesabu sahani mwenyewe. Mwache mama anawe. Kwenye 1:04 anainua macho kuitazama sahani ya pili na maji ya beseni yanatulia. Anza hapo, gitaa peke yake, chini kabisa. Mtikisiko wa maji utaficha mwanzo wake, hakuna atakayeweza kusema limeingia lini. Kwenye 1:32 anaifunika ile sahani. Kitendo hicho ndicho wimbo unapaswa kukifikia.

Kutoka 1:04 hadi 1:32 ni sekunde 28. Hesabu ni rahisi: sekunde mara mapigo ya dakika, gawa kwa 60. Kwa kasi ya mapigo 60 unapata mapigo 28, yaani makundi saba kamili ya mapigo manne, na mkono unashusha kifuniko sawasawa na pigo la kwanza la kundi la nane. Weka re hapo. Na kwa kuwa 60 ndiyo kasi ya mwiko, gitaa litasikika kama limezaliwa kwenye sufuria. Kama montaji iliyofungwa itakupa sekunde 26 badala ya 28, usiiminye sauti kwenye kompyuta. Badilisha kasi ya kupiga: 28 mara 60, gawa kwa 26, ni mapigo 64.6 kwa dakika. Hakuna atakayehisi tofauti. Pigo likichelewa fremu mbili baada ya mkono, linakubalika. Likitangulia, linafanya onyesho lionekane la vikatuni.

Kisha acha re ilie mpaka izimike yenyewe. Sekunde zilizobaki ni za mama anayekula. Zina sauti zake: mate, kijiko cha sombe, kuku nje. Zinatosha.

Jambo moja linaloharibu kazi nyingi bila mtu kujua chanzo: idadi ya fremu kwa sekunde iwe sawa kwenye programu ya montaji na ya sauti. Moja ikiwa 24 na nyingine 25, muziki unaanza vizuri, na kufikia mwisho wa filamu ya dakika 26 umeachana na picha kwa dakika nzima. Sauti zote ziwe kilohezi 48, biti 24.

Mpigaji mtafute papo hapo Lubumbashi. Ukisikiliza Masanga ya Mwenda wa Bayeke, aliyoirekodi Hugh Tracey mwaka 1952 huko Likasi, wakati huo Jadotville, ni gitaa moja la mtu mmoja na sikio linahesabu wawili, kwa sababu gumba linashika besi huku kidole kikiimba juu. Wapo wanaoupiga mtindo huo hadi leo, na unaikaa filamu yako kuliko vinanda mia moja. Usimpe faili aende nalo nyumbani. Mwonyeshe picha ukutani apige akizitazama, mara tatu au nne kila kipande. Miles Davis na wenzake walifanya vile Paris, Desemba 1957, kwa filamu ya Louis Malle, Ascenseur pour l'échafaud: wanaona picha, wanapiga karibu bila noti zilizoandikwa, na usiku mmoja ukatosha. Mwambie tu kasi, noti tano zako, na pigo la kifuniko. Mengine mwachie vidole vyake.

Kama kuna sehemu habari za mgodini zinafika, ongeza karindula, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, noti moja ndefu, bila wimbo. Wimbo ni wa kijana. Karindula iwe ya shimo.

Kurekodi: chumba kidogo chenye magodoro mawili ukutani na blanketi sakafuni ni bora kuliko ukumbi unaorudisha sauti. Maikrofoni ielekee pale shingo ya gitaa inapokutana na mwili, sentimita 20 hadi 30. Usiielekeze kwenye tundu. Tundu linatoa mvumo mzito unaofunika noti zote. Kiwango kwenye mita kiruke hadi desibeli -12 hivi, kisizidi -6. Nyuzi zipangwe kwa la ya hezi 440 kwa kifaa cha simu, na zikaguliwe baada ya kila kipande, maana chumba kilichofungwa kinapata joto na nyuzi zinashuka. Delestaji hapa ni rafiki yako: umeme ukikatika, kompyuta ikiwa na betri, ule mvumo wa hezi 50 kutoka kwenye nyaya unaondoka. Hakikisha tu jirani hajawasha jenereta. Kabla hamjatawanyika, rekodi sekunde 60 za chumba kikiwa kimya. Utazihitaji kuunganishia mikato.

Kuchanganya sauti anza na maneno, siyo muziki. Sawazisha mazungumzo ya filamu nzima kwanza, ndipo ulete mwiko, nyayo na mtaa, muziki uwe wa mwisho. Mtu anapoongea, muziki ukae chini ya sauti yake kwa desibeli 12 hadi 18. Kama bado maneno yanamezwa, usizidi kuushusha mpaka ufe: punguza desibeli 3 au 4 za muziki kati ya kilohezi 1 na 4, maana sehemu kubwa ya kueleweka kwa maneno iko huko. Kwa intaneti filamu nzima ikae kwenye LUFS -16 hivi (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), na vilele visipite desibeli -1. Wanaoweka muziki mwisho wakiwa wamechoka, saa nane za usiku, huuweka juu mno karibu kila mara. Sikiliza tena asubuhi, kwa sauti ndogo.

Jaribu mahali patatu: simu, televisheni ya nyumbani, na spika za ukumbini au kanisani. Simu ndiyo itakayokusaliti. Spika yake haitoi hezi 60, kwa hiyo noti ile nzito ya karindula itatoweka kabisa na watu watadhani umeacha kimya. Dawa yake inafanyika wakati wa kurekodi: mpigaji aivute uzi karibu na ukingo wa pipa, ngozi ikoromee. Mkoromo ule uko juu zaidi, simu inaupata, na sikio linajijazia uzito lenyewe.

Haki. Muziki ule wa intaneti una haki mbili, ya aliyetunga na ya aliyerekodi, na kupata moja hakukupi nyingine. Ukiupandisha YouTube bila ruhusa, mfumo unautambua wenyewe na filamu inaweza kuzuiwa au mapato kwenda kwa mwingine. Matamasha nayo hudai karatasi. Hata muziki unaoitwa huru wenye leseni ya Creative Commons, ukiona alama ya ND uache, kwa sababu leseni hiyo inahesabu kuuoanisha na picha kuwa ni kuubadilisha. Kwa mpigaji wako andikeni karatasi moja, nakala mbili: majina, jina la filamu, kiasi alicholipwa, kwamba muziki utumike matamashani, televisheni na intaneti, kwa muda gani, na kwamba jina lake litatokea mwishoni. Wimbo ukiwa umetungwa nanyi wawili, semeni hivyo. Kama mmoja wenu ni mwanachama wa SOCODA, shirika la Kongo la haki za watunzi, kazi iandikishwe huko kabla ya kuonyeshwa.

Dola 150 zigawe hivi: 80 kwa mpiga gitaa, siku nzima, 30 kwa wa karindula, saa mbili, 15 chakula na usafiri, 25 zibaki, maana kipande kimoja utataka kukirudia.

Imebaki simu ya mwisho. Wimbo wa kijana usisikike pale. Mwito uanze, mama akimbilie, mtazamaji angoje zile noti tano zilizomwakilisha kijana filamu nzima, na zisije. Atajua kabla ya mama kusema "alo". Acha sekunde nane za parseli tupu, yaani ua wa nyumba, redio ya jirani kwa mbali, ndipo majina yaanze na gitaa lipige sol, la, do, mi, re. Hapo, kwa mara ya kwanza, unaweza kuishusha do au kuiacha. Ikishuka, umewaambia watu kijana atarudi. Kwa hiyo kabla ya siku ya kurekodi amua kama anarudi.